Mkunga na Kapteni Wake

Nyumba yake na yangu zilikuwa mtaa mmoja wa Washwood Heath, Birmingham, upande mmoja wa barabara, zimejengwa kwa matofali yaleyale mekundu, na zote mbili tulizinunua zikiwa chakavu. Yangu ilikuja na unyevu ukutani na panya chini ya ngazi. Yake ilikuja na Kapteni. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia, nami sioni sababu ya kuuficha, maana mtaa mzima ulikuwa ukiujua.

Kapteni alikuwa picha. Picha kubwa ya rangi ya mafuta, ya ofisa wa jeshi la majini la Waingereza wa miaka mia mbili iliyopita, yenye fremu ya dhahabu iliyobanduka pembeni. Alivaa koti la buluu lenye mapindo meupe na vifungo vya kung'aa. Kichwani alikuwa na nywele bandia za kijivu zilizofungwa nyuma kwa utepe mweusi. Mkono mmoja aliuweka juu ya upanga, mwingine ulielekeza baharini, ambako kulikuwa na meli ndogo ikitoa moshi wa mizinga. Mwenye nyumba wa zamani, mzee mmoja kapera, alihama akamwacha kwa sababu hakupita mlangoni. Aliingizwa enzi hizo kabla ya mlango kupunguzwa na dirisha kubadilishwa, na tangu hapo akawa mali ya ukuta. Chini ya fremu palikuwa na kibati cha shaba, lakini kilikuwa kimesuguliwa na vizazi vya watumishi mpaka jina likaisha.

Yule mwenye nyumba mpya naye hatukumwita jina. Tulimwita Mkunga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyomleta Birmingham. Waingereza walimwita Sister, kama wanavyowaita wauguzi wakuu, na watoto walimwita Bibi. Alitoka Mombasa. Habari za ukoo wake sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kumwaga mambo yake kwa kila aliyepita. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nitakapomwonea, msomaji atanishtukia mwenyewe.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka na viatu vyeusi vya kamba vilivyopigwa dawa mpaka ukajiona. Alipanda baiskeli kwenda kuzalisha watu majumbani, mvua inyeshe, theluji ianguke, mkoba wake wa ngozi umefungwa nyuma na koti limekusanywa magotini. Wanaume wa kiwanda cha magari walipotoka kazini walimpisha njia na kuvua kofia. Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya kupiga pasi shuka kwenye idara ya udobi ya hospitali, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyenivulia kofia.

Mikono yake aliipasha moto kwapani kabla hajamgusa mzazi. Wanaume waliokuwa wakihangaika mlangoni aliwaambia, "Baba, kazi yako ulishaimaliza zamani. Nenda kachemshe maji." Maji yenyewe wakati mwingine hakuyahitaji. Alitaka tu mtu huyo awe na la kufanya, na baadaye aliyanywa kama chai.

Binti yangu Neema alizaliwa chumbani kwangu juu, mwishoni mwa miaka ya sitini, mikononi mwa Mkunga. Kila mtoto aliyempokea alimnong'oneza maneno yaleyale, awe wa Kiingereza, wa Kijamaika au wetu: "Karibu. Kuna baridi, lakini tumo." Kwa hiyo sauti ya kwanza ya binadamu aliyoisikia mwanangu ilikuwa ya Mkunga, si yangu. Mimi nilikuwa nikipiga mayowe, na sidhani mayowe yanahesabika.

Sitamnyima haki yake. Mama yangu alikuwa Morogoro, na mimi nilikuwa msichana niliyejifungulia ugenini sijui hata mtoto anafungwaje nepi. Mkunga alikuja kila siku mpaka arobaini ikatimia. Alinipikia uji wa pilipili manga, akanikanda kwa maji moto, akanifunga tumbo kwa kanga mpaka nikashindwa kupumua. Alimwogesha Neema kwenye sinki la jikoni huku akimwimbia. Nilimshukuru kwa moyo wote, na katika moyo huohuo nikawa natamani aende kwake.

Neema alipoanza kutembea, Mkunga alikuwa amekaa kwangu akimtazama anavyoyumba kati ya kiti na meza. Akasema, "Mama Neema, nipe huyu nimlee mie. Wewe tumbo lako bado changa, utapata wengine."

Kwa watu wa kwao hilo si jambo la ajabu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto huomba kwa ndugu au jirani, na mtoto akakua ana mama wawili. Hata kwetu Morogoro watoto hupelekwa kwa bibi. Ombi lenyewe halikunishangaza. Lililonitisha ni jinsi nilivyomwona Neema akiacha meza, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye magoti ya Mkunga. Nilicheka, na yeye akacheka, lakini hakusema kwamba alikuwa anatania. Na hao wengine hawakuja. Mwaka baada ya mwaka nilingoja, na tumbo langu changa likazeeka bure. Nilibaki na mmoja, na mmoja huyo ndiye aliyekuwa ameombwa.

Basi mtu anielewe ninapozungumza juu ya Kapteni.

Mkunga alimweka kama mgeni wa kudumu. Ukiingia sebule yake ya mbele ilibidi umsalimie kwanza, hata kama umekuja kuazima chumvi. Alikuwa mtu wa swala tano, na hakusali mbele ya sura ya mtu, kwa hiyo kila wakati wa swala alipanda kwenye kigoda akamfunika kwa kanga. Akimaliza alimfunua na kumwambia, "Haya, tazama." Nilimwuliza kwa nini asisalie chumba cha juu akajiepusha na taabu hiyo. Akanijibu kwamba chumba cha juu kina baridi, na kwamba Kapteni amezoea.

La kuchekesha zaidi ni habari ya mtandio. Jikoni alikaa kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari miwili. Akivuka tu kizingiti cha sebule, alijifunika. Kapteni alikuwa mwanamume, tena si maharimu wake, si ndugu wa kukaa naye kichwa wazi. Nilimwambia, "Lakini Bi Mkunga, huyu ni rangi tu." Akasema, "Rangi, na macho anayo." Kwa kweli macho anayo. Ukikaa kochi la dirishani anakutazama, ukihamia kiti cha mlangoni anakutazama.

Miaka ile ya umeme kukatikakatika kwa sababu ya migomo, niliingia kwake jioni moja nikamkuta sebuleni, mbele ya jiko la mafuta ya taa, anachana nywele zake kichwa wazi, na Kapteni yuko juu yake anamulikwa na mshumaa. Nilidhani amesahau. Nikamwonyesha kwa jicho. Akaendelea kuchana.

"Nimemzoea," akasema. "Huyu sasa ni ndugu yangu."

Roho iliniuma, nasema kweli. Mimi niliyemtembelea miaka yote hiyo, niliyempelekea mchuzi akiwa na mafua, aliniita Mama Neema na si zaidi. Picha ya Mwingereza aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa ikapata undugu.

Mkunga alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Mkali wa adabu, hakuruhusu mtu kusengenya wazazi aliowahudumia, lakini Jumamosi mchana alikaa mbele ya televisheni kutazama mieleka akiwapigia kelele wale wanaume wanene wavunjane shingo. Aliwasema watu wanaonunua chakula cha nje, kisha ungemkuta amekaa ngazini anakula samaki na chipsi kwenye karatasi, na kichupa cha achari ya pilipili mfukoni mwa sare. Aliwafundisha wasichana wa Kiingereza kunyonyesha na kuwabembeleza kwa saa nzima. Mimi nilipolalamika kwamba Neema ananing'ata aliniambia nimng'ate na mimi.

Ijumaa alifukiza udi. Alibeba chetezo kutoka jikoni, akazunguka nyumba nzima, na mwisho akasimama mbele ya Kapteni akampepea moshi usoni. Alisema mtu aliyekaa baharini muda mrefu hivyo, kwenye meli isiyo na bafu, anahitaji kufukizwa kuliko mwingine yeyote. Alifanya hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, na hakuna kati yetu aliyetambua kinachotokea, kwa sababu ilitokea polepole. Kwanza moshi wa mizinga ulichanganyika na mawingu. Kisha ile meli ndogo ikafifia. Mwishowe bahari nzima ikawa kahawia, na Kapteni akabaki anaelekeza kidole gizani.

Mwanamke mmoja aliyezalishwa na Mkunga alikuwa na kaka anayefanya kazi ya kusafisha picha za zamani. Akamleta. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alimtazama Kapteni kwa muda mrefu, akanusa fremu, akanusa tena, akauliza kama nyumba iliwahi kuungua. Nikacheka mpaka nikatoka nje. Mkunga hakucheka.

Niliporudi, kijana alikuwa anatueleza kwamba wachoraji wa wakati ule walikuwa na desturi ya kugawana kazi. Mkubwa alichora uso, akaondoka. Koti, vifungo na mikono vilichorwa na mwingine aliyelipwa kwa kazi hiyo tu. Akatuonyesha jinsi uso ulivyokuwa na uhai na mikono ilivyokuwa mizito kidogo. Mkunga alisikiliza, akamtazama Neema aliyekuwa amekaa sakafuni anachora, akanitazama mimi. Mimi nilielewa kwamba anajihesabu kuwa mchoraji wa uso, na kwamba mimi ndiye niliyefanya vifungo. Pengine hakuwaza hivyo hata kidogo.

Kisha kijana akatoa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, akaitia mdomoni, akailowesha kwa mate, akaanza kusugua pembe ya anga. Ndivyo wanavyofanya, nimekuja kujua baadaye, mate ya mtu ni dawa nzuri ya masizi. Mkunga alisimama kama aliyechomwa sindano.

"Anamtemea mate Kapteni!"

Kijana akajaribu kueleza. Mkunga akamshika kiwiko, akampeleka mlangoni kwa heshima zote, akampa koti lake na keki kwenye karatasi, akafunga mlango. Pamoja na hayo, kijana alikuwa ameshamaliza kipande chenye ukubwa wa kiganja. Tangu siku ile juu ya bega la Kapteni palikuwa na dirisha dogo la anga ya buluu, safi kabisa, na Mkunga aliwaambia wageni kwamba huko ndiko kunakokucha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Neema alikuwa na masikio ya Kiswahili na mdomo wa Kiingereza. Nilimwambia, "Neema, umekula?" akajibu, "Yeah." Nilimwambia, "Njoo unisaidie kumenya viazi," akajibu, "In a minute, Mum." Watoto wote wa watu wetu waliozaliwa pale walikuwa hivyo, na nilishajifariji kwamba ndio ulimwengu ulivyo. Zamu yangu ya udobi ilichelewa kwisha, kwa hiyo akitoka shule alikwenda kwa Mkunga mpaka nirudi. Nikimwuliza walifanya nini, alisema, "Nothing. Talked to the Captain."

Siku moja mashine zilisimama kazini tukaachiwa mapema. Nilipita kichochoro cha nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni wa Mkunga ambao haukuwa ukifungwa. Nikasikia sauti ya mtoto sebuleni. Niliganda na mfuko wangu mkononi, kwa sababu sikumjua mtoto huyo ni nani.

"Kapteni, leo mwalimu kanambia nisome mbele ya watu. Nikasoma, wala sikutetemeka. Wewe waogopa nini huko baharini?"

"Yuwamuogopa mkewe," Mkunga akajibu.

"Yuwapi mkewe?"

"Yuko nyumbani, amngoja na mwiko."

Na kicheko. Kicheko nilikijua. Kilikuwa cha mwanangu.

Ilikuwa lugha nzuri, laini, isiyokwaruza popote, na yote ilikuwa ya Mombasa. Hakukuwa na neno hata moja lililopita kwangu. Mimi nilikuwa nimemzaa, nimemlisha, nimempigia kelele kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, na Kiswahili alichokuwa nacho kimetoka nyumba ya jirani.

Niliingia. Wote wawili wakageuka. Neema akasema, "Hi, Mum, you're early." Hivyo tu, kama mtu anayevua koti na kuvaa lingine.

Mkunga akanieleza bila haya kwamba hiyo ndiyo sheria ya sebule. Kapteni amesikia Kiingereza miaka mia mbili, kimemchosha, hakisikizi tena. Anayetaka kuzungumza naye azungumze kwa Kiswahili. Neema akiwa mdogo alitaka sana kumwuliza Kapteni mambo, basi akajifunza.

"Na mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nikwambie nini? Kwamba mwanao azungumza?"

Usiku ule nilimweleza mume wangu. Alikuwa ametoka kiwandani, miguu yake iko kwenye karai la maji. "Mama Neema, sasa una-worry nini?" akasema. "Mtoto anaongea Kiswahili, si ndicho ulichokuwa unakitaka? Ama una-jealous na picha?"

Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akadhani natania.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni Bull Ring nikanunua picha yangu. Ilikuwa ya farasi weupe wakikimbia ndani ya maji, imechapishwa kiwandani, na fremu yake ni ya plastiki. Niliitundika sebuleni kwangu mahali palepale ambapo kwa Mkunga alitundikwa Kapteni. Nikamwita Neema, nikamwambia hawa farasi hawajui Kiingereza.

Akawatazama. Akanitazama mimi kwa huruma, na huruma ya mtoto wa umri ule inauma kuliko kofi.

"Mum," akasema, "they're horses."

Basi nikamkataza kwenda. Nilibadilisha zamu, nikawa namngoja langoni shuleni. Hakulia wala hakubisha. Alikaa kwangu kimya, akafanya kazi zake za shule, akala alichopewa, akaenda kulala. Nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kuwasikia panya. Mkunga hakuja kuuliza. Alipita na baiskeli yake mbele ya dirisha langu, hakugeuka, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama mtu anayejua anatazamwa.

Aliyekuja kuvunja ukimya huo ni mimi mwenyewe, na sikuja kwa wema. Nilikwenda kumwambia maneno makali. Nilibisha mlango wa mbele, kitu nisichokuwa nikikifanya. Alipofungua nilimwona amezeeka ndani ya muda ule mfupi, mashavu yamebonyea. Nikamwambia, "Shikamoo," kwa sababu mdomo wangu ulizoea, akasema, "Marahaba," kwa sababu wake ulizoea, na baada ya hapo ugomvi ukakosa pa kuanzia.

"Bi Mkunga," nikasema mwishowe, "unaninyang'anya mtoto."

Nilitegemea akane. Kila mtu mwingine alikuwa amekana kwa niaba yake.

"Ndiyo," akasema. "Ningeweza ningemnyang'anya. Nilikuomba, hukunipa, na sijaacha kumtaka hata siku moja. Nimepokea watoto wa watu mpaka nimechoka, na kila mmoja nilimrudisha kwa mwenyewe. Huyu kumrudisha kwanishinda."

Nilikaa chini pale kwenye ngazi za mlango. Kusikia kwamba sikuwa nimekosea, kwamba wivu wangu ulikuwa umeona sawasawa, kulinipa nafuu kubwa kuliko pole yoyote. Akakaa kando yangu. Jirani Mwingereza akapita na mbwa, akatusalimia kuhusu hali ya hewa. Kesho yake nikamrudisha Neema kwa Mkunga, saa zilezile, na wivu nikabaki nao, ila sasa tulikuwa wawili tunaojua sababu yake.

Miaka ikaenda. Wahindi waliofukuzwa Kampala wakahamia mtaani kwetu na kufungua duka pembeni, tukapata mihogo na nazi. Mume wangu akapandishwa cheo, kisha mgongo ukamharibika. Tukaanza kuzungumza habari za kupewa nyumba ya halmashauri huko Newtown, kwenye ghorofa yenye lifti. Neema akaingia sekondari, akarefuka akanipita. Nyumbani kwangu akaendelea na "Yeah, Mum". Na Mkunga akastaafu. Magoti yake yakakataa baiskeli. Akatangaza kwamba anauza nyumba na kurudi Mombasa.

Nasema ukweli mtupu: nilifurahi. Nilikwenda kanisani nikamshukuru Mungu kwa wema wake, na nadhani alinielewa vibaya makusudi.

Kwa sababu wiki chache kabla hajaondoka Mkunga alituita, mimi na Neema, Jumapili mchana. Tulimkuta amevaa gauni lake la Idi. Sebule ilikuwa imejaa maboksi yaliyofungwa kamba. Kapteni peke yake ndiye alikuwa bado ukutani, maana angebaki na nyumba, apewe anayeinunua. Mezani palikuwa na sinia, birika la kahawa ya tangawizi, vikombe vidogo vitatu na halua. Nilipoiona halua nikajua. Mtu hapiki halua siku nzima kwa jirani wa kuja kuaga tu.

Alingoja tukae, akamimina kahawa, akaweka mikono magotini.

"Mama Neema," akasema, "nilikuomba mara moja, nikacheka. Leo sicheki. Nipe Neema nende naye. Nitamsomesha, atakaa na mimi kwa heshima, na kila likizo kubwa atakuja kwako. Mie ni mzee. Haitakuwa miaka mingi."

Jibu nililokuwa nimelitayarisha tangu mtoto anatambaa likanikimbia. Jibu nililokuwa naliogopa halikuwa langu. Niliogopa kwamba nikisema hapana, mwanangu atasema ndiyo, naye yuko pale, anasikia, ana umri wa kuwa na neno lake.

"Usijibu wewe," Mkunga akasema kwa upole. "Na ajibu mwenyewe."

Neema alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakunitazama mimi wala hakumtazama Mkunga. Alimtazama Kapteni, kwa sababu katika chumba kile mambo yote ya maana yalipitia kwake.

"Kapteni," akasema, "mwambie Bibi nampenda. Mwambie maneno yote niliyo nayo ni yeye alonipa, na nikizungumza mtu mwengine akanifahamu, ni yeye. Ningependa kwenda naye, sitasema urongo. Lakini mamangu hana mwengine. Nikenda, yeye atabaki na nani? Na atamwonea wivu nani?"

Mamangu. Neno hilo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

Mabega yakaanza kumtikisika Mkunga, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Alikuwa anafanya vyote viwili. Akamtazama yule Mwingereza ukutani.

"Wamsikia?" akamwambia. "Nimemfunza mwenyewe maneno ya kunikatalia."

Neema akapiga magoti akamkumbatia, na Mkunga akamshika kichwa kama alivyomshika siku ile ya theluji alipozaliwa.

Mwanangu alikuwa amenichagua. Nilichokitaka kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimesemwa mbele ya shahidi, na kimesemwa vizuri kuliko ningeweza kukisema mimi. Na bado roho iliniuma, kwa sababu kila neno alilonichagulia lilikuwa na sauti ya yule mwanamke, na nilijua kwamba nitaisikia sauti hiyo nyumbani kwangu, kila siku ambayo Neema atapenda kuniita hivyo, muda mrefu baada ya Mkunga kwenda zake. Sikutaka isikike, na sikutaka inyamaze.

Nikainuka, nikasema naenda kutengeneza kahawa. Birika lilikuwa palepale kwenye sinia, linafuka mvuke, na sote watatu tuliliona. Hakuna aliyenikumbusha. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango nyuma yangu, nikasimama kando ya jiko nisiloliwasha, nikawaachia chumba.